Mkataba wa kuuza nyumba usio na saini: je, una nguvu mahakamani?

Barua nne zilizochapishwa hapa zinafanana kwa jambo moja: watu walikubaliana kuuziana ardhi au nyumba, fedha zikaanza kutoka, na saini ya upande mmoja au ya pande zote mbili haikuwahi kuwekwa. Nimeyaacha majina ya waandishi na mahali walipo, kwa kuwa baadhi yao wangali katika mazungumzo na wenzao. Sheria ya mauziano ya ardhi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nimetaja nchi kwa jina pale ambapo tofauti hiyo inageuza jibu.

SWALI: "Ndugu mwandishi wa safu, miaka miwili iliyopita nilikubaliana na mzee mmoja kununua nyumba yake. Wakili wake aliandaa mkataba, nikazitia saini nakala zote mbili, na mzee akaondoka nazo akisema anataka kuwasomea watoto wake kwanza. Hakuzirudisha. Hata hivyo alinikabidhi funguo, nikahamia na familia yangu, nikamlipa kwa awamu kupitia benki hadi nikafikia sehemu saba kati ya kumi za bei. Nimeongeza vyumba viwili, naye alikuwa akija kutazama ujenzi. Sasa nyumba zimepanda thamani, na mzee ananiambia kwamba yeye hakusaini chochote, hivyo nichukue fedha zangu nihame. Je, sina haki yoyote?"

JIBU: Ndugu msomaji, haki unazo, ingawa huenda zisiwe zilezile ulizozifikiria ulipotia saini. Mzee huyo anachanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Jambo la kwanza ni kama palikuwa na makubaliano. La pili ni kama makubaliano hayo yanaweza kufikishwa mahakamani na kutekelezwa kama mkataba wa mauziano. Kukosekana kwa saini yake kunagusa hilo la pili. La kwanza huthibitishwa kwa maneno na vitendo, na mtu aliyekabidhi funguo, akapokea fedha awamu baada ya awamu na kusimama akitazama kuta zikipanda hawezi kudai kwa urahisi kwamba hapakuwa na makubaliano.

Inafaa ujue sharti la saini lilitoka wapi, kwa sababu kusudi lake ndilo linaloamua mipaka yake. Mwaka 1677 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia udanganyifu na viapo vya uongo. Wakati ule mdai na mdaiwa hawakuruhusiwa kutoa ushahidi katika shauri lao wenyewe, hivyo shamba la mtu lingeweza kupotea kwa maneno ya mashahidi wa kununuliwa walioapa kwamba aliliuza kwa mdomo. Sheria hiyo ikasema kwamba shauri juu ya mkataba wa ardhi halitafunguliwa isipokuwa pawepo maandishi yaliyosainiwa na yule anayeshtakiwa, au na mtu aliyempa mamlaka. Angalia maneno hayo vizuri: haikusema kwamba mkataba wa mdomo ni batili. Ilisema kwamba mlango wa mahakama umefungwa kwa anayetaka kuutekeleza. Mkataba uliendelea kuwapo, ila haukuwa na nguvu ya kudai.

Tangu hapo nchi mbalimbali zimekwenda njia tofauti. Tanzania, katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilibaki karibu na mtindo huo wa zamani: mkataba uwe wa maandishi, au pawepo kumbukumbu ya maandishi ya masharti yake, na saini inayohitajika ni ya yule ambaye mkataba unatumiwa dhidi yake. Kenya ilikaza zaidi, na tangu tarehe 1 Juni 2003 inataka maandishi, saini za pande zote, na kila saini ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo. Uingereza yenyewe iliiacha sheria yake ya zamani mwaka 1989, na sasa mkataba wa ardhi usiobeba masharti yote katika hati iliyosainiwa na pande zote hauhesabiwi kuwa mkataba hata kidogo. Ujerumani inataka mthibitishaji wa umma aandike na kuusoma mkataba mbele ya wahusika. Ufaransa iko upande wa pili kabisa: kwa kanuni yake ya kiraia, mauziano hukamilika kati ya wenyewe mara wanapokubaliana juu ya kitu na bei, ingawa bila hati ya mthibitishaji hayawezi kuandikishwa na kuwafunga watu wengine.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta maandishi yoyote yenye saini ya mzee, hata kama hayaitwi mkataba. Je, aliwahi kukupa stakabadhi iliyotaja nyumba na bei? Alimwandikia wakili wake kumweleza aandike nini? Alisaini barua ya kuhamisha bili ya maji au kodi ya jengo kwa jina lako? Pale sheria inapokubali kumbukumbu ya maandishi, karatasi iliyosainiwa kwa sababu nyingine kabisa inaweza kutosha, na karatasi mbili au tatu zinazotajana zinaweza kusomwa kwa pamoja, mradi zitaje wahusika, mali na bei. Nimeona watu wakitupa vikaratasi vya namna hiyo kwa kudhani kwamba havina maana kwa kuwa havina mhuri wa wakili. Taarifa za benki nazo zitunze, lakini uelewe kazi yake: zinathibitisha kwamba fedha zilitoka kwako kwenda kwake, na hazisemi zilikuwa za nini wala kwa masharti gani.

Ikiwa hutapata saini yake popote, au ikiwa uko chini ya sheria inayodai hati moja yenye saini zote, bado hujafika mwisho. Kando ya sheria iliyotungwa na bunge ziko kanuni za usawa, ambazo mahakama za Uingereza zilizijenga kwa karne nyingi ili sheria ya kuzuia udanganyifu isije ikageuzwa kuwa chombo cha kufanyia udanganyifu. Nchi nyingi zilizorithi mfumo huo wa sheria zimezihifadhi. Hata sheria kali za Kenya na Uingereza zinasema waziwazi kwamba sharti la maandishi halizuii mahakama kutambua amana inayozaliwa na mwenendo wa watu, yaani hali ambamo mtu ameandikwa kuwa mwenye mali katika daftari, ilhali dhamiri inamtaka aishike kwa manufaa ya mwingine.

Mahakama inapopima madai ya namna hiyo hutazama kama mwenye mali alikupa ahadi au alikuacha uamini kwamba mali itakuwa yako, kama ulitenda kwa kutegemea imani hiyo, kama kwa kutenda hivyo ulijiingiza katika hasara au gharama, na kama kumruhusu sasa kugeuka kungekuwa dhuluma. Vitendo vyote havina uzito sawa. Kulipa fedha peke yake kulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa jambo dhaifu, kwa hoja kwamba fedha zinaweza kurudishwa, na ni mwaka 1974 tu ambapo mahakama ya juu ya Uingereza ililegeza msimamo huo. Kuingia katika mali kwa ruhusa ya muuzaji ndicho kitendo chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu watu hawampi mgeni funguo za nyumba yao bila sababu. Kujenga huku mwenye nyumba akitazama na kunyamaza kunakaribiana na hicho. Wewe unavyo vyote viwili, na ndiyo maana nakuambia usikate tamaa.

Mashauri mawili yanaonyesha jinsi mstari ulivyo mwembamba. La kwanza liliamuliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1883. Mtumishi wa nyumbani alimhudumia mwenye shamba kwa miaka mingi bila mshahara, akiwa ameahidiwa kwamba shamba litakuwa lake kwa maisha yake yote. Mwajiri aliandika hata wosia na kuutia saini, lakini mashahidi hawakuushuhudia kama inavyotakiwa, na mama yule akashindwa. Majaji walisema kwamba utumishi wake haukuonyesha wenyewe kwamba kulikuwa na mkataba wa ardhi. Mtu anaweza kukaa na bwana wake kwa sababu nyingine nyingi. Sikubaliani na wepesi ambao miaka ya mtu ile iliwekwa kando, lakini hoja yenyewe bado inatumika: kitendo chako lazima kielekeze kidole kwenye mauziano. La pili ni la mwaka 2009, nalo lilihusu mtu aliyefanya kazi karibu miaka 30 bila malipo katika shamba la jamaa yake, kwa kutegemea dokezo na maneno ya mzunguko ya mzee asiyekuwa msemaji. Mara hii majaji walimpa shamba, wakisema kwamba ahadi hutazamwa kwa jinsi ilivyoeleweka kati ya watu wale katika mazingira yao. Katika Kenya, Mahakama ya Rufani mwaka 2014 iliwalinda wanunuzi ambao muuzaji aliwaingiza katika ardhi na kupokea fedha zao, ingawa idhini ya kisheria iliyotakiwa kwa mauziano hayo haikuwahi kupatikana.

Mahakama ikikubaliana nawe inaweza kumwamuru mzee akuhamishie nyumba nawe umalizie bei. Inaweza pia kuona kwamba haki inatosha kwa kukurudishia fedha, pamoja na gharama za vyumba ulivyojenga, na kukuruhusu kuishikilia nyumba hadi ulipwe. Katika hesabu hiyo usishangae ukikatwa kiasi fulani kwa miaka uliyokaa bila kodi ya pango. Jambo litakaloathiri sana uamuzi huo ni kama ulikuwa tayari kutimiza upande wako. Mnunuzi anayetaka usawa huku akiwa amesimamisha malipo kwa mwaka mzima bila maelezo husikilizwa kwa shaka. Mwandikie mzee leo, kwa barua yenye tarehe, kwamba salio liko tayari na unaomba akamilishe uhamisho. Na liwe tayari kwa kweli.

Kuna mambo ambayo hayawezi kungoja. Nenda kwa msajili wa ardhi uombe kuwekewa tahadhari au zuio juu ya hati ya nyumba hiyo, kwa sababu mzee akiiuza kwa mtu mwingine anayenunua kwa nia njema na kuandikishwa, madai yako dhidi ya nyumba yanaweza kuzimika yote na kubaki madai ya fedha dhidi ya mtu mmoja. Usihame kwa hiari, kwa kuwa kukaa kwako ni ushahidi. Akikurudishia fedha kupitia benki bila kukuuliza, mwandikie mara moja kwamba huzipokei kama mwisho wa makubaliano. Muda nao unahesabika: katika Kenya na Tanzania madai ya mkataba hufungwa baada ya miaka 6 na ya kurudisha ardhi baada ya miaka 12.

Na ninakuomba kwa dhati jambo moja zaidi. Katika barua yako, sehemu ambayo sikuichapisha, umeuliza kama rafiki wa mzee anaweza kusaini nakala mpya kwa tarehe ya zamani. Usifanye hivyo. Sasa hivi una madai ya mtu aliyedhulumiwa. Ukishaingiza karatasi moja ya kughushi, utakuwa na kesi ya jinai, na ukweli wote ulionao hautaaminiwa tena.

SWALI: "Tulijadiliana bei ya kiwanja kwa barua pepe na WhatsApp. Muuzaji aliandika, 'Sawa, tumekubaliana, kiwanja ni chako.' Nilimtumia malipo ya awali. Je, ujumbe huo ni saini?"

JIBU: Unaweza kuwa saini, kutegemea alivyomalizia ujumbe na sheria inayowatawala. Kwa sheria, saini haikuwahi kuwa mchoro wa kalamu peke yake. Ni alama yoyote ambayo mtu anaiweka kwa kusudi la kuonyesha kwamba maneno yale ni yake na anayakubali. Dole gumba limekubaliwa kwa kusudi hilohilo tangu zamani. Kwa hiyo mtu aliyeandika jina lake chini ya barua pepe amefanya jambo tofauti na mtu ambaye anwani yake tu ilijitokeza juu ya ujumbe kwa kazi ya mashine. Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2006 ilikataa kuihesabu anwani ya barua pepe iliyojitokeza yenyewe kuwa ni saini. Mwaka 2019 mahakama ya ngazi ya chini huko Manchester ilikubali jina la wakili lililokuwa likiongezwa na programu chini ya kila barua yake, katika mapatano yaliyohusu ardhi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliipanga programu ifanye hivyo na alijua jina lake linawekwa.

Swali la pili ni kama ujumbe wenyewe unabeba masharti. Maneno "kiwanja ni chako" hayasemi kiwanja kipi, kwa bei gani, kilipwe lini. Ikiwa ujumbe uliotangulia ulitaja namba ya kiwanja na bei, na huo wa mwisho unaujibu moja kwa moja, mfululizo mzima unaweza kusomwa pamoja pale sheria inapokubali kumbukumbu ya maandishi. Ikiwa uko chini ya sheria inayotaka shahidi akiona saini ikiwekwa, mfululizo huo hautatosha kuwa mkataba, hata uwe wazi namna gani. Ujerumani hautatosha kabisa kwa sababu mthibitishaji hakuwapo.

Soma tena pia kama popote kati yenu mliandika kwamba yote yanasubiri mkataba rasmi wa mawakili. Maneno ya namna hiyo ni mafupi, na watu huyaandika kwa mazoea, lakini mahakama huyachukua kwa uzito mkubwa: yanamaanisha kwamba kila mmoja alibakiza uhuru wa kujiondoa mpaka siku ya saini. Aliyeyaandika au kuyapokea bila kupinga hupata shida sana baadaye kudai kwamba aliamini mambo yamekwisha. Ndivyo yalivyomkuta mwekezaji mmoja wa majengo London, ambaye kwa makubaliano ya mdomo alishughulikia na kupata kibali cha ujenzi kwa ardhi ya kampuni nyingine, kisha kampuni ikabadilisha masharti. Mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2008 ilimnyima sehemu ya ardhi, ikisema kwamba alikuwa mfanyabiashara mzoefu aliyejua kuwa mkataba haujafungwa. Alilipwa thamani ya kazi yake tu. Linganisha na yule wa shambani aliyeshinda mwaka mmoja baadaye. Mahakama inatarajia tahadhari zaidi kwa anayefahamu biashara hii.

Usifute ujumbe wowote, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi mfululizo mzima pamoja na tarehe na namba. Picha za skrini zilizokatwa hushambuliwa kirahisi.

SWALI: "Mimi ni muuzaji. Mnunuzi alisaini mkataba na kulipa asilimia 10 ya bei. Mimi sikusaini kwa sababu nilikuwa safarini. Nilikataa mnunuzi mwingine kwa ajili yake. Sasa amebadili nia na anataka fedha zake, akisema hakuna mkataba kwa kuwa saini yangu haipo. Je, ninaweza kuzibakiza?"

JIBU: Barua yako, bibi, inanifurahisha kwa sababu inaonyesha upande unaosahaulika: sharti la saini linaweza kumkwepesha mnunuzi pia. Katika mfumo unaouliza saini ya yule anayeshtakiwa peke yake, kutosaini kwako hakumsaidii. Yeye alisaini, na yeye ndiye unayetaka afungwe na mkataba. Unaweza kumdai, mradi uonyeshe kwamba ulikubali mauziano hayo na ulikuwa tayari kuyakamilisha. Katika mfumo unaotaka saini za pande zote, huna mkataba wa kumdai.

Kuhusu fedha zenyewe, tofauti niliyoieleza hapo juu kati ya mkataba batili na mkataba usiotekelezeka inageuka kuwa jambo la mfukoni. Palipo na mkataba halali ambao mahakama haiwezi tu kuutekeleza, mnunuzi anayejiondoa bila kosa la muuzaji hana msingi wa kudai arubuni yake. Shauri moja la Uingereza la mwaka 1923 liliamuliwa hivyo chini ya sheria ya wakati ule: mnunuzi alikubali kwa mdomo, akalipa, akajiondoa, na muuzaji aliyekuwa tayari kukamilisha akaruhusiwa kubaki na fedha. Lakini sheria inaposema kwamba bila saini zote hakuna mkataba kabisa, fedha zile zilitolewa kwa ajili ya kitu ambacho kisheria hakikuwapo, na kwa kawaida hurudishwa.

Angalia pia maneno ya mkataba aliousaini: je, yanasema asilimia 10 ni arubuni itakayopotea mnunuzi akijiondoa, au ni sehemu tu ya bei iliyotangulizwa? Arubuni ni dhamana ya uaminifu wa mnunuzi. Sehemu ya bei ni bei, na bei hurudi mauziano yasipokuwapo. Ikiwa maandishi yako kimya na sheria ya kwako ni ile kali, ushauri wangu ni kumrudishia, ukijaribu kwanza kukubaliana naye kwa maandishi akuachie gharama ulizokwisha kuingia, kama ada ya wakili na ya upimaji. Mnunuzi mwingine uliyemkataa ni hasara ya kweli, nakuelewa, lakini mahakama haitaihesabu pale ambapo hakuna mkataba uliovunjwa.

SWALI: "Marehemu baba yetu alikubali kumuuzia jirani sehemu ya shamba, akapokea nusu ya bei, akafariki kabla ya kusaini. Baba mdogo amesaini kwa niaba yake baada ya msiba. Jirani hajaingia shambani. Je, tunafungwa na mauziano hayo?"

JIBU: Poleni kwa msiba. Saini ya baba mdogo haiwafungi. Mtu anaweza kumsainia mwingine ikiwa alipewa mamlaka hayo, lakini mamlaka ya uwakilishi hukoma mwenye kuyatoa anapofariki, na kwa maelezo yako baba mdogo hakuwa nayo hata kabla. Baada ya kifo, mwenye uwezo wa kusaini kwa ajili ya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Watoto wote mkikubaliana bila msimamizi, saini zenu zote kwa pamoja nazo hazitoshi.

Mkataba uliosainiwa na marehemu ungewafuata warithi, kwa sababu wao husimama mahali pake. Hapa hakuna saini, na jirani hakuingia shambani wala hakulima wala kujenga, hivyo madai yake juu ya ardhi yenyewe ni dhaifu karibu kila mahali. Madai yake juu ya fedha si dhaifu hata kidogo. Nusu ya bei iliyopokelewa ni deni la mirathi, na deni hulipwa kabla warithi hawajagawana. Asije mtu yeyote katika familia akawaambia kwamba kwa kuwa baba hakusaini basi jirani hana chake.

Mahakama huyapokea kwa uangalifu madai dhidi ya mtu asiyeweza tena kujibu, kwa hiyo jirani atatakiwa kuthibitisha kiasi alicholipa. Ninyi nanyi mkiwa na daftari la baba lililoandika fedha hizo, litoeni. Msimamizi akishateuliwa ana njia mbili za halali: kumrudishia jirani fedha kutoka katika mirathi, au, ikiwa warithi wanaona kwamba baba alitaka kweli kuuza na bei ni ya haki, kuingia naye mkataba mpya wenye tarehe ya siku unaposainiwa, ukitaja kwamba nusu ya bei ilikwisha kupokelewa na marehemu. Ile karatasi ya baba mdogo isiambatanishwe popote, na yeye mwenyewe amwandikie jirani barua fupi ya kuiondoa kabla haijapelekwa kwa msajili.